Ushahidi: Programu iliyozaliwa na ghasia za 2008 na funzo lake kwa Langas

MTAA wa Langas, ulio kusini mwa mji wa Eldoret kando ya barabara iendayo Kisumu, ni makao ya watu wa jamii nyingi za Kenya. Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo na Wakisii hupanga nyumba katika ploti moja, huteka maji katika mfereji mmoja na kuuziana mboga katika vibanda vilevile.

Mwishoni mwa Desemba 2007 na mwanzoni mwa Januari 2008, mtaa huo ulikuwa miongoni mwa sehemu za Bonde la Ufa zilizoshuhudia nyumba zikiteketezwa, barabara zikifungwa kwa mawe na majirani wakigeukiana kwa sababu ya matokeo ya uchaguzi wa urais.

Siku hizo, mkazi wa Langas alikuwa na maswali machache, lakini yalikuwa ya kufa na kupona. Je, barabara ya kuelekea katikati ya mji inapitika? Moshi unaoonekana upande wa Yamumbi unatoka wapi? Jamaa aliyeondoka asubuhi amefika katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako maelfu ya waliofurushwa walikuwa wamepiga kambi, au amekwama njiani?

Ukosefu wa majibu kwa maswali ya namna hiyo ndio uliozaa Ushahidi, programu ya tarakilishi iliyobuniwa na Wakenya na wenzao wapenda teknolojia katika muda wa siku chache, na ambayo baadaye ilitumika katika mataifa mengi ulimwenguni.

Giza la habari

Uchaguzi mkuu ulifanyika Desemba 27, 2007. Siku tatu baadaye, Desemba 30, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya (ECK), Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi. Kibaki aliapishwa jioni hiyohiyo katika Ikulu ya Nairobi, huku mpinzani wake Raila Odinga wa chama cha ODM akiyapinga matokeo hayo.

Siku hiyo pia, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika redio na runinga. Marufuku hiyo ilidumu kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Siku mbili baada ya tangazo la matokeo, Januari 1, 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God katika kijiji cha Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta hifadhi. Wengi wa waliofariki walikuwa wanawake na watoto.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilibaini baadaye kuwa watu 1,133 waliuawa kote nchini katika ghasia hizo. Kati yao, 744 walikuwa wa mkoa wa Bonde la Ufa pekee.

Pengo lililoachwa na vyombo vya habari lilijazwa na arafa. Baadhi zilikuwa za kweli na ziliokoa maisha. Nyingine zilikuwa za uchochezi, zikitumwa kutoka rununu moja hadi nyingine bila mtu kujua aliyeziandika. Aliyepokea arafa ya kumwonya kwamba mtaa wake ungevamiwa usiku hakuwa na njia ya kuithibitisha, na akikosea kuamua angeweza kupoteza maisha.

Hata kupiga simu kulikuwa na taabu. Maduka yalikuwa yamefungwa na kadi za muda wa maongezi ziliadimika. Jamaa na marafiki waliokuwa mbali walilazimika kuwatumia waliokwama salio, wengine wakitumia huduma ya M-Pesa, ambayo wakati huo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja tangu izinduliwe Machi 2007.

Wito wa Januari 3

Ory Okolloh, wakili Mkenya aliyesomea Chuo Kikuu cha Harvard na mmoja wa waanzilishi wa Mzalendo, wavuti unaofuatilia utendakazi wa wabunge, alikuwa amekuja nyumbani kupiga kura. Baada ya ghasia kuzuka, alirejea Johannesburg, Afrika Kusini, pamoja na familia yake.

Wasomaji wa ukurasa wake wa mtandaoni walikuwa wakimtumia taarifa nyingi kiasi kwamba hakuweza kuzichapisha zote peke yake. Januari 3, 2008, alitoa wito kwa wataalamu wa tarakilishi watengeneze ramani ambayo ingeonyesha mahali ambapo mauaji na uharibifu ulikuwa ukitendeka, kwa kutumia ramani za Google.

Wito huo uliitikiwa haraka. Erik Hersman, mwandishi wa masuala ya teknolojia aliyelelewa Sudan na Kenya, alimtafuta David Kobia, Mkenya mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi Birmingham, jimbo la Alabama, Marekani. Juliana Rotich, ambaye alikuwa Eldoret ghasia zilipozuka, alikuwa tayari akituma habari na picha kutoka huko.

Kobia alikuwa na sababu yake ya kulichukulia suala hilo kwa uzito. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha Mashada, jukwaa la mtandaoni la majadiliano ya Wakenya. Mwezi huohuo alilazimika kulifunga kwa sababu ya matusi ya kikabila yaliyokuwa yamelijaa, na mahali pake akaanzisha ukurasa mwingine wa kuhimiza utangamano, ulioitwa I Have No Tribe.

Kabla ya Januari kufika katikati, wavuti wa Ushahidi ulikuwa umeanza kufanya kazi. Jina lake lilieleza lengo lake: kuhifadhi maelezo ya waliojionea mambo, ili yaliyotendeka yasije yakakanushwa au kusahaulika.

Inavyofanya kazi

Mtu aliyeshuhudia tukio aliweza kutuma taarifa kwa njia ya arafa, barua pepe au kwa kujaza fomu katika wavuti. Taarifa ilihitaji mambo manne: kilichotokea, mahali, wakati na aina ya tukio.

Aina hizo zilijumuisha vifo, uporaji, uharibifu wa mali, ubakaji, matendo ya maafisa wa usalama na watu waliohama makwao. Palikuwa pia na sehemu ya juhudi za amani, kwani waanzilishi walitambua kwamba wapo majirani waliokuwa wakifichana na kulishana wakati wengine wakichomeana nyumba.

Taarifa ilipofika, wahudumu wa kujitolea waliisoma, wakajaribu kuilinganisha na habari kutoka kwa mashirika, waandishi au mashuhuda wengine, kisha wakaiweka kwenye ramani kwa alama nyekundu. Taarifa iliyothibitishwa ilitofautishwa na ile ambayo haikuwa imethibitishwa.

Kazi ngumu zaidi mara nyingi ilikuwa kujua mahali. Arafa inayosema kwamba Huruma inawaka haitoshi, kwa kuwa uko mtaa wa Huruma jijini Nairobi na mwingine Eldoret. Hata jina la Langas peke yake halimsaidii anayetaka kupeleka ambulensi, kwa maana mtaa ni mpana na nyumba zake nyingi hazina nambari. Mtumaji alihitajika kutaja kanisa, shule au kituo cha matatu kilicho karibu.

Watafiti wa mpango wa masuala ya kibinadamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walilinganisha baadaye taarifa za Ushahidi na zile za magazeti na waandishi wa mtandaoni. Walibaini kwamba vyombo vikuu vya habari viliripoti zaidi visa vyenye vifo, ilhali Ushahidi ulinasa pia matukio ya awali, kama vile vitisho na uporaji, na kutoka maeneo mengi zaidi.

Safari ya kutoka Kenya

Mei 2008, wakati wageni walipokuwa wakishambuliwa nchini Afrika Kusini, programu hiyo ilitumiwa kuorodhesha mashambulizi hayo. Mwishoni mwa mwaka huo ilitumika mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwanzoni mwa 2009 kituo cha Al Jazeera kiliitumia kufuatilia vita vya Gaza.

Iliwezekana kusambaa hivyo kwa sababu Ushahidi ni programu huria. Maana yake ni kwamba maagizo yake ya ndani yako wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyachukua bila malipo, kuyarekebisha na kuyatumia kwa mahitaji yake. Kijiji kinaweza kuitumia kuorodhesha visima vilivyoharibika kama vile shirika la kimataifa linavyoitumia kuorodhesha majeruhi wa tetemeko.

Mtihani mkubwa ulikuja Januari 12, 2010, tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti. Waathiriwa walituma arafa kwa nambari 4636, nyingi zikiwa katika lugha ya Krioli. Wahaiti waishio ughaibuni walizitafsiri, nao wanafunzi na wahudumu wengine wa kujitolea nchini Marekani wakazipachika kwenye ramani ili waokoaji wajue pa kwenda.

Machi 2010, Hersman na wenzake walifungua iHub jijini Nairobi, kituo cha vijana wa teknolojia kukutana na kufanya kazi. Nchini Kenya kwenyewe, programu ya Ushahidi ilitumika chini ya jina Uchaguzi katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, iliyopitisha Katiba mpya, na tena katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013.

Uvumi una kasi kuliko programu

Pamoja na mafanikio hayo, Ushahidi una mapungufu ambayo hata waanzilishi wake hawakuyaficha. Kwanza, ramani haiwezi kuonyesha kile ambacho hakikutumwa. Mahali pasipo na mtandao wa simu, au ambapo watu wanaogopa kusema, hubaki peupe kana kwamba pana amani.

Pili, anayetuma taarifa anaweza kujiweka hatarini. Katika mtaa ambamo kila mtu anamfahamu jirani yake, maelezo machache tu yanatosha kumtambulisha shahidi. Kwa hiyo kuficha jina la mtumaji ni sharti la lazima.

Tatu, taarifa isiyo na mtu wa kuishughulikia haimwokoi yeyote. Alama nyekundu kwenye ramani ina thamani iwapo polisi, Msalaba Mwekundu au wazee wa mtaa wanaiona na kuchukua hatua.

Kuanzia 2012, watafiti wa iHub na Ushahidi waliendesha mradi uitwao Umati, uliofuatilia matamshi ya chuki mtandaoni kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha kadhaa za asili. Walitambua kwamba maneno yanayozua ghasia mara nyingi husemwa katika lugha ambazo wataalamu wa kigeni hawazielewi, na kwa mafumbo ambayo programu peke yake haiwezi kuyafumbua.

Katika Delta ya Tana, ambako Wapokomo na Waorma walipigana mwaka wa 2012 na 2013, mradi wa Una Hakika ulichukua njia nyingine. Mkazi aliyesikia uvumi aliutuma kwa arafa, mabalozi wa kujitolea vijijini wakauchunguza, kisha jibu likarudishwa kwa wahusika. Mradi huo ulitegemea rununu za kawaida na watu wanaoaminika, bila kuhitaji simu za bei ghali.

Tume ya uchaguzi nayo ilibadilika. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, tume ya IEBC iliweka mtandaoni picha za fomu 34A kutoka vituo vya kupigia kura, ambavyo vilikuwa zaidi ya 46,000. Mpiga kura wa Langas aliweza kufungua fomu ya kituo chake na kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Mwaka wa 2007 jambo hilo halikuwezekana.

Jukumu la mwenye rununu

Hali ya mawasiliano imebadilika mno tangu 2008. Arafa ya maneno machache imefuatwa na picha, video na sauti zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp. Video ya nyumba inayoungua katika nchi nyingine yaweza kudaiwa kuwa ya Langas jana usiku, na watu elfu wakaiona kabla chifu hajaamka.

Hata hivyo, maswali yaliyoulizwa na wahudumu wa Ushahidi mnamo Januari 2008 yangali yanafaa. Nani ameliona tukio hili kwa macho yake? Lilitokea wapi hasa, na saa ngapi? Kuna mtu wa pili, asiyemtegemea wa kwanza, anayesema vivyo hivyo? Ujumbe unataka watu wasaidiwe, au unataka washambuliwe?

Maswali hayo hayahitaji intaneti wala tarakilishi. Mama mboga, mwendeshaji bodaboda na mwalimu wa shule wanaweza kuyauliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Ujumbe unaoshindwa kuyajibu ni heri ukomee katika simu ya aliyeupokea.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Rununu nayo haina, na watu wa Langas waliokimbilia uwanja wa maonyesho wakiwa wamebeba magodoro na watoto mgongoni wanajua jinsi neno lisilo na ushahidi linavyoweza kuuchoma mtaa.