Mfahamu Bazalgette: Injinia aliyepigana na uvundo, kipindupindu kikatoweka London

Kiangazi cha mwaka 1858, wabunge wa Uingereza walikuwa wanafanya kazi wameziba pua. Jengo la Bunge liko kando ya Mto Thames, na mto ulikuwa unanuka kupita kiasi. Mapazia yaliloanishwa kwa dawa ya chokaa, lakini wapi! Harufu iliingia tu. Msimu huo unakumbukwa hadi leo kama Uvundo Mkuu.

Chanzo kilikuwa vyoo. Watu wengi walikuwa wameanza kutumia vyoo vya kuvuta maji, na majitaka ya jiji lenye watu zaidi ya milioni mbili yakaishia mtoni. Kwa miaka mingi, baadhi ya kampuni za maji zilichota humohumo maji ya kuwauzia watu. Matokeo yake yalikuwa kipindupindu. Mlipuko wa 1853 hadi 1854 peke yake uliua zaidi ya watu 10,000 London.

Bazalgette ni nani?

Joseph Bazalgette alizaliwa Enfield mwaka 1819, mtoto wa ofisa wa jeshi la majini. Kama mainjinia wengi wa enzi ya Malkia Victoria, kazi aliifunza chini ya injinia mzoefu. Baadaye akafungua ofisi yake wakati kila mtu anakimbilia biashara ya reli. Kazi zikamzidi, na mwaka 1847 afya yake ikavunjika, ikabidi apumzike.

Aliporudi mwaka 1849, aliajiriwa kwenye tume ya majitaka ya London. Mwaka 1856 akawa injinia mkuu wa bodi mpya ya ujenzi ya jiji. Mpango wake ulikwama kwenye mabishano, mpaka uvundo ulipowafikia wabunge wenyewe. Sheria ya kumpa madaraka na fedha ikapita kwa siku 18 tu.

Alifanya nini?

Alijenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, sambamba na mto, ili kuyakamata majitaka kabla hayajafika Thames. Mifereji iliinamia mashariki ili maji yateremke yenyewe. Palipokuwa chini sana, pampu za mvuke ziliyainua. Yalimwagwa mbali na jiji, maji ya bahari yanapokupwa, ili yasirudi.

Mifereji mikuu ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 132, na kazi nzima ilitumia matofali milioni 318. Bazalgette alitumia saruji ya Portland, wakati huo ikiwa bado ngeni kwa kazi kubwa namna hiyo, na akadai ipimwe kabla ya kutumika.

Daktari aliyepuuzwa

Cha ajabu, wataalamu wengi waliamini kipindupindu kinaletwa na hewa chafu. Kwao, kuondoa harufu ndiyo tiba. Daktari John Snow alisema tatizo ni maji. Mwaka 1854 alifuatilia vifo vya Soho hadi kwenye pampu ya Broad Street, akawashawishi viongozi wa eneo hilo kung'oa mkono wake. Bado wakubwa wengi hawakushawishika. Snow alifariki Juni 1858, akiwa na miaka 45, uvundo ukiwa umepamba moto.

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi na kuua zaidi ya watu 5,000. Wengi walikuwa mashariki mwa London, sehemu ambayo mifereji mipya ilikuwa bado haijakamilika. Uchunguzi ukaonyesha maji ya kunywa yalikuwa yamechafuliwa. Snow alikuwa sahihi. Bazalgette alichimba kuondoa harufu, kumbe alikuwa anatenganisha kinyesi na maji ya kunywa. London haikupata tena mlipuko mkubwa.

Dosari na urithi

Uchafu ulihamishwa tu, haukusafishwa. Mwaka 1878 meli ya abiria Princess Alice ilizama karibu na mahali mifereji ilipomwaga, na zaidi ya watu 600 wakafa kwenye maji yale machafu. Kuanzia 1887, mabaki mazito yakaanza kupelekwa baharini kwa meli.

Bazalgette alifariki mwaka 1891. Mifereji yake bado inafanya kazi. Ila mvua ikinyesha sana huzidiwa, ndiyo maana London imechimba handaki jipya la kilomita 25 kuisaidia.