Ngoma ya Kirangozi

Misafara ya Unyanyembe ilikuwa na taratibu zake. Wapagazi hawakujitwika mizigo mpaka ngoma ya kirangozi ilie, na huko Ugogo watemi waliusimamisha msafara mpaka hongo ilipwe. Reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilifuata karibu njia ileile. Kwa reli hiyo shangazi yangu alipelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 1998. Alikuwa ametokwa damu miezi mingi, na zahanati moja ilimwambia ni uzee tu.

Alichelewa. Kilichomuua, kansa ya mlango wa kizazi, nilikuja kukielewa baadaye. Chembe ya mwili nayo hungoja ishara ndipo igawanyike, na ina walinzi wake. Virusi vya papiloma, hasa aina ya 16 na 18, ambazo Harald zur Hausen na wenzake wa Ujerumani walizitambua mwaka 1983 na 1984, hutengeneza protini mbili za hatari. E7 humshika mlinzi aitwaye Rb, anayezuia mgawanyiko usio na ruhusa. Basi ngoma hulia usiku na mchana. E6 humwangamiza p53, ambaye huisimamisha chembe yenye hitilafu, au huiamuru ife. (Mfano wangu una kasoro: wasafiri waliichukia hongo.)

Kwa kawaida mambo hayo huchukua miaka 10 na zaidi. Uzee!

Mwaka 2018 wasichana wa miaka 14 walianza kuchanjwa nchini kote. Mjukuu wa shangazi alichomwa sindano shuleni, Tabora. Alilalamikia mkono siku mbili.