Kaa, Uvimbe na Sifuri: Kiswahili cha Majibu ya Picha ya Matiti

Neno saratani lilifika pwani kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu maana yake ya asili ni kaa. Waarabu nao walifuata nyayo za Wayunani. Galen, tabibu wa karne ya 2, alieleza kuwa mishipa iliyotuna kuzunguka uvimbe wa titi hufanana na miguu ya kaa. Kwa mzungumzaji wa leo kaa huyo ametoweka, isipokuwa kwa wanafalaki, ambao Saratani yao ni mojawapo ya buruji 12. Kansa, neno la mkopo lililosimama kando yake, ni kaa yuleyule kwa Kilatini.

Lugha ya picha ni changa zaidi. Mwaka 1913 Albert Salomon, daktari mpasuaji wa Berlin, alichunguza kwa eksirei matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa. Mwaka 1993 wanaradiolojia wa Marekani walitoa utaratibu wa kupanga majibu kwa tarakimu, ambazo sasa ni 0 hadi 6. Shabaha ilikuwa madaktari waelewane. Mgonjwa hakuhesabiwa miongoni mwa wasomaji.

Tuchukue mama wa Miono, bara ya Saadani, asemaye Kizigua nyumbani na Kiswahili sokoni, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na bahasha ya majibu ya Kiingereza. Mkalimani ni mwanawe wa sekondari. Anaiona 0. Sifuri ni hakuna kitu, basi nyumba nzima yamshukuru Mungu. Kumbe 0 humaanisha kwamba picha haikutosha kutolea uamuzi, na mama anatakiwa arudi apigwe nyingine. Tarakimu ya kushukuriwa ni 1.

Neno hasi nalo lina mtego wake. Maabara husema majibu ni hasi pale ugonjwa usipoonekana, ilhali masikioni mwa wengi hasi ni ubaya. Na kwa mfugaji, kuhasi ni kumfanya fahali maksai! Uvimbe vilevile: kitenzi vimba kinadai kitu kinachoonekana au kushikika, lakini uvimbe wa kwenye picha waweza kuwa mdogo hata mkono usiuguse. Mama atajipapasa, asione kitu, aamini kuwa mashine imekosea.

Mwaka 2003 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba, kazi iliyohitajika sana. Hata hivyo kamusi hutoa neno kwa neno, na uzito wa majibu haya umo katika sentensi. Tarakimu 3 ni mfano mzuri. Husemwa kwa Kiswahili kuwa "huenda si saratani", na huenda ya Kiswahili haiegemei upande wowote. Tarakimu hiyo, kinyume chake, huegemea sana: uwezekano wa saratani hauzidi 2 katika 100. "Yaelekea mno kuwa si saratani, rudi baada ya miezi 6 upigwe picha tena" ni sentensi ambayo mwanafunzi wa Miono angeweza kumsomea mama yake bila kamusi.