Faiawoli: Kazi yake na jinsi uwezo wake unavyopimwa

FAIAWOLI ni kizuizi, kiwe programu ndani ya kompyuta au mtambo unaojitegemea, kinachokaa baina ya mtandao wa ndani na intaneti, kikikagua data inayoingia na kutoka.

Jina hilo limetokana na ukuta unaojengwa ili moto ukizuka upande mmoja wa jumba usienee upande wa pili.

Saiba mtaani Mishomoroni, Kisauni, yenye kompyuta chache zinazotumia laini moja, inahitaji kizuizi hicho sawa na benki kubwa. Haja hiyo ilizidi baada ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa kupitia baharini mnamo 2009.

Data husafiri ikiwa imegawanywa katika pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya itokako na iendako. Faiawoli huzilinganisha na kanuni alizoweka msimamizi, kisha huipitisha pakiti au kuitupa.

Faiawoli za awali, zilizobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980, zilitazama kila pakiti peke yake. Zilizofuata hukumbuka mawasiliano yaliyoanzishwa, hivyo jibu lisiloombwa na yeyote hukataliwa. Za kisasa husoma hata yaliyomo.

Ukaguzi huo huchukua muda, ndiposa uwezo wa faiawoli hupimwa. Jopo la kimataifa la wahandisi wa intaneti, IETF, lilitoa istilahi za upimaji huo mnamo 1999 na mbinu zake mnamo 2003. Mbinu hizo zilirekebishwa upya mnamo 2023.

Vipimo vikuu ni vinne:

- Kiasi cha data kinachopita kwa sekunde;
- Idadi ya mawasiliano mapya yanayofunguliwa kwa sekunde;
- Idadi ya mawasiliano yanayoweza kuwa wazi kwa wakati mmoja;
- Muda ambao pakiti hucheleweshwa.

Mnunuzi hafai kutegemea kipimo cha kwanza pekee. Laini ya gigabiti 1 hubeba takriban pakiti 81,000 kwa sekunde iwapo kila moja ina baiti 1,518. Zikiwa za baiti 64, idadi hupita 1,488,000.

Kwa kuwa kila pakiti sharti ikaguliwe, ndogo ndizo zinazouchosha mtambo. Tarakimu iliyoandikwa kwenye kasha yaweza kuwa ilipatikana kwa pakiti kubwa, huku ukaguzi wa yaliyomo ukiwa umezimwa. Ni vyema muuzaji aulizwe kasi hubaki kiasi gani ukaguzi wote ukiwashwa.

Mnamo Julai 2023, tovuti ya huduma za serikali, eCitizen, ililemewa na wingi wa maombi yaliyotumwa kwa makusudi. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini wananchi walikosa huduma. Mlango waweza kuwa imara na bado ukazibwa na umati.

Aidha, faiawoli haiwezi kumwokoa anayempa tapeli neno lake la siri.