Kaniki, Kanga na Thamani ya Nafsi: Zanzibar Baada ya 1897

Wahamasishaji wa siku hizi, pamoja na baadhi ya washauri nasaha wa shuleni, hushikilia kwamba mtu hujithamini kwanza moyoni, ndipo wenzake wamthamini. Dai hili lina ukoo. Mwaka 1986 jimbo la California liliunda kikosi kazi cha kukuza kujithamini, kwa msukumo wa mwanasiasa John Vasconcellos. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Baumeister na wenzake walizipitia tafiti wakaona kwamba kujithamini hakumpandishi mwanafunzi alama; alama nzuri ndizo zaidi humpa kujithamini. Hapo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba Baumeister na wenzake nao wameiacha thamani ndani ya kichwa cha mtu mmoja mmoja.

Ili kuona thamani ikijengwa nje ya kichwa, tuitazame Zanzibar. Dikrii ya Aprili 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, lakini aliyetaka uhuru ilimbidi akauombe, na masuria walingoja hadi 1909. Cheti cha uhuru kilikuwa jambo moja, kupita mtaani jingine. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu starehe na siasa za mji wa Zanzibar, anaeleza mavazi kwa kina: mtumwa alivaa merikani, kitambaa cheupe cha pamba, au kaniki iliyokolea nili, kichwa wazi, miguu peku. Baada ya dikrii, wanawake wa mtaa wa Ng'ambo waliitupa kaniki wakajifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Fair anayasoma haya kama madai ya uraia. Mimi naongeza kwamba nguo ile haikutangaza thamani iliyokwisha kukomaa moyoni. Kuinunua kwa jasho lako, kuivaa, kupita nayo ukaonwa na jirani aliyekujua ulipokuwa na kaniki: huko ndiko kujithamini kulikojengwa. Wanaosema hayo ni kupenda makuu siwajibu. Viatu wamezaliwa navyo.

Pingamizi zito ni mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba wa ukoo wa watumwa, muuza vyungu aliyekwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Wahasidi walimwimba kwamba aliingia mjini na kaniki tu. Naye alijibu kwamba sura na nasaba si hoja, hoja ni akili. Je, huyo hakujithamini kutoka ndani? Huenda. Ila jibu lenyewe alilitoa kwa wimbo, mbele za watu, katika mji uliokwisha kumkubali kwa sauti yake.

Hata kipimo cha kujithamini cha Rosenberg cha 1965, chenye vipengele kumi, humuuliza mtu kama thamani yake inalingana na ya wengine. Wengine hao hawajazi dodoso. Basi mshauri anayemwambia mtoto ajipende, ilhali shule imebandika majina ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, naelekea kusema angeanza kwa kuibandua ile karatasi.