Fremu ya Mwanzi na Swali la Dogo wa Form Two

Najua nimepotea kitambo. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ng'ambo ya ziwa upande wa Sengerema. Nimerudi chuo mzima wa afya, ila nimerudi na swali.

Ilikuwa kipindi cha History, Form Two. Naelezea uchumi wa kikoloni, najiona mwalimu kweli kweli, mara dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, baiskeli tunazo tangu enzi za mababu. Mbona hatutengenezi zetu?" Darasa zima likacheka. Mimi nikajibu maneno mengi yasiyo na kitu, kengele ikaniokoa. Ila siku narudi Mwanza na kivuko cha Kamanga, swali nilikuwa nalo bado. Dogo anatembea zaidi ya saa nzima kufika shule, jamani. Hakuuliza kwa utani.

Basi nikaanza kuchimba. Kwanza, tusidanganyane kwamba chuma tulikuwa hatukijui. Kule Kagera, Wahaya waliyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba tanuru zile zilifikia joto kubwa kiasi cha kutoa chuma cha pua. Hapa karibu, Wazinza na Warongo wa upande wa Geita walifua majembe, yakauzwa Usukuma hadi Unyamwezi, na mengine yakatolewa mahari. Mafundi walikuwepo.

Kilichofuata mnakijua toka sekondari. Majembe ya meli yakaja kwa bei rahisi, tanuru zikazima. Kazi yetu ikawa pamba. Miaka ya 50 pamba ya Kanda ya Ziwa ilishamiri, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaunda Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani. Mkulima akilipwa, ndoto ya kwanza ni baiskeli. Babu yangu aliipata ya kwake hivyo hivyo, kwa pesa ya pamba. Pamba inakwenda ughaibuni, baiskeli inatoka ughaibuni. Sisi tukabaki mabingwa wa kuziba pancha na kunyoosha spoku.

Sasa hapa ndipo mwanzi unapoingia (sio Mwanza, mwanzi!). Fremu ya baiskeli ni mabomba yaliyounganishwa tu, na mwanzi ni bomba lililojiotea lenyewe, jepesi na gumu. Wazungu wenyewe waliligundua hilo zamani. Mwaka 1894 kampuni iitwayo Bamboo Cycle Company ilionyesha baiskeli za mwanzi London. Hazikudumu sokoni. Tatizo kubwa lilikuwa kwenye viungo: mwanzi ulishikwa kwa vikombe vya chuma, na mwanzi ukikauka husinyaa, kiungo kinalegea. Bomba la chuma halina shida hiyo, likashinda.

Ikapita miaka mia. Miaka ya 90 Mmarekani Craig Calfee, fundi wa baiskeli, alimwona mbwa wake anatafuna kijiti cha mwanzi na kushindwa kukivunja. Akatengeneza fremu, ila viungo akavizungushia nyuzi zilizolowekwa kwenye gundi ya epoksi. Zikikauka zinakuwa kama jiwe. Mwaka 2007 yeye na watafiti wa Columbia University walikwenda Ghana kujaribu utaalamu huo, na Ghana leo fremu za mwanzi zinauzwa hadi nje ya nchi. Jirani zetu Uganda nao wamo, kuna fremu zinazoitwa Boogaali. Na Goma, Wakongo wanachonga chukudu ya mbao toka miaka ya 70, inabeba viazi na mkaa mamia ya kilo. Mwaka 2009 waliijengea sanamu katikati ya mji. Hawakungoja meli.

Cha kuniuma zaidi ni hizi nyuzi. Katani! Miaka ya 60 Tanzania ilikuwa inaongoza duniani kwa katani. Mwanzi tunao, jamaa zangu wa Iringa wanaugema ulanzi. Kilichokuwa kinakosekana ni gundi, na siku hizi iko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Basi mimi na mshikaji wangu tukajaribu hapa geto, Malimbe. Usukani, ekseli ya pedeli na vishikio vya gurudumu la nyuma tulivikata kwenye fremu mbovu ya Phoenix. Fremu yetu ya kwanza iliishi siku tatu. Nilikata mwanzi mbichi kwa haraka zangu, ukapasuka kutoka pingili hadi pingili kwa mlio kama bunduki. Mpangaji wa chumba cha pili alitoka mbio.

Fundisho: mwanzi uwe umekomaa, miaka mitatu na zaidi, na ukauke kivulini kwa wiki kadhaa. Ncha zichongwe zikumbatiane bila pengo. Zungusha katani yenye gundi, kisha kaza kwa mpira wa tyubu iliyokufa mpaka gundi ishike. Haraka haina nafasi kabisa.

Fremu ya pili iko uvunguni mwa kitanda changu, inakauka. Sijui kama itanibeba mpaka Nyegezi kona. Ila nimeshajua ningemjibu nini yule dogo: hatukushindwa, tulifundishwa kununua, tukasahau kwamba babu wa babu alikuwa fundi. Likizo nitavuka tena na hiyo fremu, ikiwa nzima au imepasuka, nimwonyeshe viungo. Akiona kosa langu, atengeneze ya kwake vizuri zaidi.

Haya, naenda kusoma, test Jumatatu. Tuko pamoja!