Charles Bronson Angekuja Kawangware, Angempiga Nani Risasi?

Wasee, leo tuongelee Death Wish 3. Kama hujaiona, itafute. Ilitoka 1985 na ni vituko vitupu. Mzee wa miaka 63, uso umekunjamana kama kiatu cha zamani, anafika mtaa mmoja wa New York kumsalimia rafiki waliyepigana naye vita vya Korea. Anamkuta anakata roho, amevamiwa na genge. Polisi wanamkamata yeye! Halafu mkubwa wao anamwachilia kwa mapatano: nenda uwaue wahuni, bora tu uniletee habari. Mzee anaagiza bastola kubwa kwa posta. Kwa posta, buda! Filamu ikifika mwisho ameshika bunduki ya rashasha, mtaa unawaka moto, na mkubwa wa genge anamalizwa kwa roketi ndani ya chumba.

Kwa lugha ya vibanda vyetu vya video, huyo ndiye steringi. Na kila mtu aliyekulia Kawangware, iwe Gatina ama Congo, anajua sheria: steringi hafi. Tumelelewa na filamu za aina hii, DJ Afro akitusimulia kwa Kiswahili cha mtaa, kibanda kizima kikipiga kelele adui akianguka.

Sasa angalia huyo steringi alitoka wapi. Alizaliwa 1921 akiitwa Charles Buchinsky, huko Ehrenfeld, Pennsylvania, mji wa migodi ya makaa ya mawe. Baba alikuwa mhamiaji kutoka Lithuania, nyumba ina watoto 15. Baba akafa mapema, kijana akaingia mgodini, analipwa dola moja kwa kila tani. Kilichomtoa huko ni jeshi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye akaanza kuigiza, sehemu ndogo ndogo tu kwa miaka mingi, na njiani akabadilisha jina kuwa Bronson. The Magnificent Seven ilikuja 1960, The Great Escape ikaja 1963, na hapo aliigiza mfungwa anayechimba handaki, kazi ambayo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Ulaya walimpenda kabla ya kwao. Marekani yenyewe ilimpa kiti cha mbele 1974, akiwa na miaka 52, kwa Death Wish ya kwanza.

Hiyo ya kwanza ilitokana na riwaya ya Brian Garfield ya 1972. Kwenye kitabu, mtu anayeanza kuua wahuni ni mtu anayeoza pole pole. Filamu ikamgeuza shujaa. Garfield hakufurahi hata kidogo, na 1975 akatoa kitabu kingine, Death Sentence, kurudisha ule ujumbe wake. Lakini wapi! Watu walikuwa wameshalipa tikiti na kupiga makofi.

Na makofi hayakubaki ukumbini. Desemba 1984, mwanamume mmoja, Bernhard Goetz, aliwapiga risasi vijana wanne weusi ndani ya treni ya New York. Watu wengi wakamsifu, wakamfananisha na Bronson. Mwaka uliofuata ndio Death Wish 3 ikatoka.

Ndani yake kuna sehemu moja ambayo huwa naiangalia mara mbili. Bronson anatembea mtaani akilamba aiskrimu, kamera inaning'inia begani. Ni mtego. Kijana mmoja anaipora na kukimbia. Bronson anatulia, anachomoa ile bastola ya posta, anampiga risasi ya mgongo. Kwa sababu ya kamera. Majirani wanatokeza madirishani wanashangilia.

Hapo ndipo mimi huuliza swali langu. Sisi tuko wapi kwenye hiyo picha? Tukiwa kibandani tunajiona Bronson. Lakini mtoto wa mhamiaji maskini, anayeishi mtaa ambao polisi wameuandika wote kuwa ni wezi, si Bronson wa kwenye filamu. Huyo ni Buchinsky. Na kwenye Death Wish 3, Buchinsky angekuwa upande ule wa kuanguka, bila jina wala mama wa kumlilia. Hata mtaa wenyewe si New York. Sehemu kubwa ilipigwa Lambeth, London, kwa sababu huko gharama ilikuwa nafuu. Mtaa wa maskini ukishakuwa pambo la nyuma, wowote unafaa.

Nairobi tumekuwa na hii filamu bila kulipa tikiti. Miaka hiyo hiyo ya Bronson kulikuwa na Patrick Shaw, mchana kiongozi pale Starehe Boys' Centre, usiku polisi wa akiba anayewinda majambazi. Alikufa 1988, na mpaka leo wazee wanamsimulia kama steringi. Mwaka wa 2017, video ikasambaa ya askari asiye na sare akimpiga risasi kijana aliye chini, mchana kweupe, Eastleigh. Soma tena maoni ya siku hizo. Wengi walishangilia. Madirisha ni yale yale.

Najua utaniambia, "Wewe hujawahi kuibiwa." Nani hajaibiwa huku? Uchungu wa kuporwa simu unayolipia kidogo kidogo kila siku naujua. Shida ni kwamba Bronson anasaidiwa na mwandishi wa filamu, aliyeshaamua nani ni mwizi. Mtaani hakuna mwandishi. Josephat Mwenda, mtu wa bodaboda, alipigwa risasi na polisi 2015, kisha yeye ndiye akafunguliwa mashtaka. Alipodai haki yake akiwa na wakili Willie Kimani, wote wawili na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, waliuawa Juni 2016. Mahakama iliwapata na hatia polisi watatu na raia mmoja mwaka wa 2022. Sasa niambie, kwa kisa hicho, ungeshangilia risasi ya kwanza?

Kwa hivyo icheki Death Wish 3, ucheke na roketi, umheshimu mzee aliyetoka mgodini na kufika pale. Lakini siku ukisikia mlio Stage 46 na mtu ameanguka, uliza jina lake kabla hujapiga makofi. Huku kwetu waliolala chini wana majina, na mama zao tunawajua.